Ndoano Isiyo na Kijino: Faida Zake na Namna ya Kuitumia

Ndoano nyingi zinazouzwa katika maduka ya zana za uvuvi huwa na kijino kidogo kilichoinuka nyuma ya ncha. Kazi ya kijino hicho ni kuizuia ndoano isirudi ilikopitia. Kwa mkazi wa Iringo, Bunda au Butiama anayevua kitoweo kwa mshipi wa mkono au kwa fimbo, sifa hiyo ina faida, lakini ina gharama pia, kwa samaki na kwa mvuvi mwenyewe.

Kwa nini uondoe kijino?

Kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 zinakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50 na sato aliye chini ya sentimita 25. Hata hivyo, ndoano haichagui. Hata mvuvi mwangalifu humnasa aliye mdogo. Kumrudisha ziwani kuna maana pale tu anaporudi akiwa hai na mwenye uwezo wa kula. Ndoano yenye kijino huhitaji kuzungushwa na kuvutwa, mdomo ukachanika, na samaki akakaa nje ya maji kwa muda mrefu. Isiyo na kijino hutoka kwa njia ileile iliyoingilia.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa ningu, aliye wa jamii moja na kapu, samaki anayevuliwa sana kwa fimbo nchini Uingereza, ambako wamiliki wengi wa mabwawa huwataka wavuvi watumie ndoano zisizo na kijino. Ningu hupanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga, na idadi yake katika Ziwa Victoria imepungua sana tangu karne iliyopita, hasa kwa kutegwa nyavu kwenye midomo ya mito. Ningu mmoja mwenye mayai akirudishwa akiwa mzima, ni uzao mzima umeokolewa.

Faida nyingine ni usalama wako. Ndoano isiyo na kijino ikikuingia kidoleni, kwa kawaida hutoka kwa kurudishwa ilikotoka. Yenye kijino mara nyingi huhitaji mhudumu wa afya. Kwa vyovyote vile, osha jeraha kwa sabuni na uulize kituo cha afya kuhusu chanjo ya pepopunda. Ndoano iliyoingia jichoni au karibu nalo isiguswe. Mpeleke mgonjwa hospitali mara moja.

Namna ya kufanya

1. Usilipe zaidi kwa jina. Ndoano ya kawaida inatosha: kibane kijino kwa koleo hadi kilale.
2. Ipime kwa kupenyeza ncha katika kitambaa cha pamba na kuirudisha. Ikikwama, bana tena.
3. Samaki akinasa, usilegeze mshipi hadi umfikishe mkononi. Mshipi uliolegea ndio humwachia.
4. Lowesha mikono kabla ya kumshika, na usitie vidole katika mashavu yake.
5. Akiwa amemeza ndoano, usiivute. Kata mshipi karibu na mdomo, kisha mwachie.

Mipaka ya ushauri huu

Ndoano isiyo na kijino haifai kwa migonzo inayolazwa ziwani usiku kucha, kwa kuwa hakuna anayeshika mshipi, na samaki hupata nafasi ya kujinasua. Wala haimwokoi sangara aliyevutwa kutoka kina kirefu. Huyo hudhurika kwa mabadiliko ya mgandamizo wa maji, si kwa kijino. Mahali ndoano iliponasa nako kuna uzito mkubwa: aliyenaswa mdomoni ana matumaini kuliko aliyenaswa kooni.

Aidha, ushauri huu hauondoi wajibu wa kisheria. Kabla ya kuvua, muulize Afisa Uvuvi wa halmashauri yako kuhusu leseni, maeneo yaliyofungwa na vipimo vinavyotumika sasa. Chukua rula au kamba yenye alama za sentimita 25 na 50. Kukadiria kwa macho hakutoshi. Mwisho, katika Mto Mara na mabwawa yake, simama mbali na ukingo: mamba na viboko hawangoji mvuvi amalize kuachia samaki wake.