Kenya: Pango si faida mpaka hesabu ifungwe

Kandokando ya Barabara ya Thika, kutoka Roysambu hadi Juja, majengo ya kupangisha yamesimama bega kwa bega. Kwa Wakenya wengi, nyumba ya kupangisha ndiyo akiba ya uzeeni, na wengi huijenga kwa mkopo. Hata hivyo, swali lililopaswa kuulizwa kabla ya msingi kuchimbwa mara nyingi huulizwa jengo likiwa limekwisha: katika pango linalolipwa na wapangaji, mwenye nyumba hubakiwa na nini?

Swali hilo lina uzito zaidi kutokana na namna serikali inavyotoza kodi. Tangu Januari 2024, mkazi wa Kenya anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka kutokana na nyumba za makazi hutozwa asilimia 7.5 ya pango. Awali kiwango kilikuwa asilimia 10. Malipo hufanywa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kiwango kimeshuka, lakini kodi hiyo bado hutozwa kwenye pato ghafi, bila kuondoa matengenezo, mshahara wa mlinzi wala riba ya benki.

Tuchukulie mfano wa jengo lililogharimu shilingi milioni 12, lenye nyumba 10, kila moja ikipangishwa kwa shilingi 10,000 kwa mwezi. Kwa mwaka hizo ni shilingi 1,200,000, sawa na asilimia 10 ya gharama ya ujenzi. Wengi huishia hapo, wakaridhika.

Lakini wapangaji huhama. Kila nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja tu kwa mwaka, pato hushuka hadi shilingi 1,100,000. Wakala wa asilimia 8 huchukua 88,000. Tuseme maji, taa, taka na ulinzi ni 150,000. Matengenezo ni 110,000. Bima na ada ya ardhi ya kaunti ni 40,000. Kodi ya serikali ni 82,500. Kinachobaki ni shilingi 629,500, yaani takriban asilimia 5.2 ya mtaji, karibu nusu ya ile asilimia 10 ya mwanzo.

Hesabu hiyo ni ya mtu asiye na deni. Ikiwa nusu ya gharama ilikopwa kwa riba ya asilimia 14, riba ya mwaka wa kwanza pekee hukaribia shilingi 840,000. Jengo lililojaa wapangaji karibu mwaka mzima linamdai mwenyewe zaidi ya shilingi 210,000 kutoka mfukoni, kabla hajaanza kulipa mkopo wenyewe. Na kodi ya 82,500 iko palepale.

Sheria imeacha mlango mmoja wazi. Mwenye nyumba anaweza kumwandikia kamishna wa kodi akiomba kutozwa kwa utaratibu wa kawaida wa mwaka, ambapo gharama zinazokubalika, riba ikiwamo, huondolewa kwanza. Katika mfano wetu, gharama na riba zingezidi pango, na kusingekuwa na faida ya kutozwa kodi. Sharti ni kumbukumbu: stakabadhi, mikataba na taarifa za benki. Kwa asiye na deni na mwenye gharama ndogo, utaratibu wa asilimia 7.5 huenda ukawa nafuu.

Nchini Uganda hali inafanana. Tangu Julai 2022, mtu binafsi hutozwa asilimia 12 ya pango ghafi linalozidi shilingi za Uganda 2,820,000 kwa mwaka, bila kuondolewa gharama.

Funzo ni kwamba mkusanya kodi hatamfanyia mwenye nyumba hesabu ya faida. Ni lazima aifanye mwenyewe, na aifanye kabla ya kutia saini mkataba wa mkopo. Ajiulize: nyumba zikikaa tupu miezi miwili, au riba ikipanda, nitalipa kwa fedha gani? Amana ya mpangaji nayo isihesabiwe kuwa pato, kwani ni deni litakalorejeshwa siku atakapohama.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Kwa mwenye nyumba ya kupangisha, daftari hilo huanza na pango, na hufungwa baada ya benki, fundi na serikali kuchukua chao.