Henzirani na Udongo Wake (Sehemu ya Tatu)

Mjadala wa Indonesia kuhusu marufuku ya kusafirisha henzirani ghafi, iliyoanza mwaka 2012, hurudi tena na tena magazetini. Wafanyabiashara huvutana juu ya bei na vibali. Hali ya mmea wenyewe chini ya ardhi haitajwi.

Rumphius asingeinyamazia. Mjerumani huyu, mtaalamu wa mimea na mtumishi wa kampuni ya Kiholanzi kisiwani Ambon, alipofuka mwaka 1670. Mwaka 1674 tetemeko la ardhi likamwua mkewe pamoja na binti. Mwaka 1687 moto ukateketeza michoro yake ya mimea, na mwaka 1692 Wafaransa wakaizamisha meli iliyobeba muswada wa kitabu chake cha mimea kwenda Uholanzi. Bahati njema, gavana mkuu Camphuys alikuwa amebakiza nakala Batavia (Jakarta ya leo). Rumphius alifariki mwaka 1702. Kitabu kikaanza kuchapwa 1741. Humo henzirani zimeelezwa kwa kina, na mmea baada ya mmea umeandikiwa fungu la mahali unapoota. Kipofu aliuliza mahali. Sisi wenye macho tunapanda popote, kisha tunalaumu mbegu.

Na mahali huanzia kwenye udongo. Katika sehemu zilizotangulia tuliona kwamba henzirani, kama ndugu yake mnazi, haina mzizi mkuu, na mizizi yake mingi hutambaa katika tabaka la juu. Udongo mwingi wa Kalimantan, Indonesia, umefuliwa na mvua hadi ukabaki na tindikali. pH ikishuka chini ya 5, alumini huyeyuka na kuivamia ncha ya mzizi: seli huacha kurefuka, mzizi ukawa mfupi, mnene, usio na matawi. Fosforasi nayo hunaswa na alumini na chuma, mche ukaikosa ilhali imo.

Wadayak, wenyeji wa Kalimantan, hupanda henzirani katika shamba la mpunga lililofyekwa na kuchomwa. Majivu hupunguza tindikali na kuleta kalisi na potasiamu, mizizi michanga ikapata upenyo. Bonde la mto Barito, palipoanza kilimo hiki katikati ya karne ya 19, hupata tope jipya kutoka kwa mafuriko. Kuchagua mahali namna hii ni ujuzi wa kuheshimiwa, si ushamba.

Misitu ya Kongo ina henzirani zake, Eremospatha na Laccosperma, nazo kwa kawaida hukatwa porini. Anayetaka kuzipanda apime udongo kwanza. Mbolea ya fosfati ikimwagwa kwenye udongo wenye tindikali kali usiotiwa chokaa wala majivu, sehemu kubwa hunaswa kabla mzizi haujaifikia, na fedha ya mkulima hupotea nayo.