Fahali mzima wa umbo anaposhindwa kuzalisha: Siri imo katika manii

WAFUGAJI wengi wa Saboti na maeneo jirani ya Bungoma humlaumu ng'ombe jike anapopandishwa mara mbili au tatu bila kushika mimba. Baadhi yao humpeleka sokoni, naye huishia mikononi mwa mchinjaji. Hata hivyo, utafiti wa miongo mitatu iliyopita umebainisha kwamba kasoro yaweza kuwa ya fahali, tena fahali ambaye umbo lake halina dosari yoyote.

Hasara yake si haba. Ng'ombe ambaye hajashika mimba hurudi kwenye joto baada ya siku 21 hivi. Akikosa mara tatu, mwenyewe hupoteza takriban miezi miwili ya maziwa, mbali na gharama ya mbegu na malipo ya mtaalamu. Kwa mkulima mdogo wa miteremko ya Mlima Elgon anayetegemea maziwa kulipa karo, hilo ni pigo kubwa.

Manii ya fahali yana sehemu mbili: mbegu zenyewe na majimaji yanayozibeba. Zamani majimaji hayo yalidhaniwa kuwa chombo cha kusafirishia tu. Sasa inafahamika kuwa yamejaa protini, na kila protini ina kazi yake.

Kundi moja la protini hizo, ambalo hufanya karibu nusu ya protini zote za majimaji hayo, hujibandika kwenye utando wa nje wa mbegu na kuiandaa kulipenya yai. Lakini zikikaa na mbegu kwa muda mrefu, utando huo hudhoofika. Hii ni sababu mojawapo ya maabara kuchanganya manii na kiini cha yai la kuku kabla ya kuyagandisha: mafuta yaliyomo katika kiini huzinasa protini hizo na kuinusuru mbegu.

Mwaka 1993, watafiti wa Marekani waliwachunguza mafahali wa aina ya Holstein ambao uwezo wao wa kuzalisha ulikuwa umekwisha kujulikana. Waligundua protini mbili zilizokuwa nyingi kwa mafahali hodari, na nyingine mbili zilizokuwa nyingi kwa wale dhaifu. Mojawapo ya zile za mafahali hodari ilitambuliwa baadaye kuwa ni ostiopontini.

Hali ni kama hiyo kwa farasi. Mbegu zinapoingia katika mji wa mimba wa farasi jike, chembe nyeupe za damu huzishambulia kama vitu vigeni. Protini iitwayo CRISP-3 huzikinga mbegu zilizo hai zisinaswe. Mwaka 2007, uchunguzi wa farasi dume wa Hanover, Ujerumani, ulihusisha tofauti katika jeni ya protini hiyo na uwezo wa dume kutungisha mimba.

Ugunduzi unaowagusa zaidi wafugaji ulitangazwa mwaka 2014. Wanasayansi walipata hitilafu katika jeni iitwayo TMEM95 miongoni mwa ng'ombe wa aina ya Fleckvieh, ambao mbegu zao hutumika pia nchini Kenya. Fahali aliyerithi hitilafu hiyo kwa baba na kwa mama karibu hazalishi kabisa, ingawa mbegu zake huonekana nzima na huogelea vyema chini ya hadubini. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu huzalisha kama kawaida, lakini aweza kuwarithisha watoto wake.

Nchini Kenya, kituo cha kutoa mbegu za mafahali kilianzishwa Kabete mwaka 1946, hasa kuzuia magonjwa yanayoenezwa ng'ombe wanapopandana. Tangu mwaka 2011 kinajulikana kama KAGRC. Mbegu huhifadhiwa ndani ya naitrojeni yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri. Naitrojeni ikipungua mtunginjani njiani, mbegu hufa, hata ziwe za fahali bora kiasi gani.

Kwa hivyo, kabla ya kumuuza ng'ombe wake, mfugajji anashauriwa kuweka kumbukumbu: tarehe ya joto, saa ya kupandisha, na jina na nambari ya fahali iliyoandikwa kwenye mrija wa mbegu. Ng'ombe aliyeonekana kwenye joto asubuhi hupandishwa jioni. Wa jioni hupandishwa asubuhi inayofuata. Ikiwa ng'ombe kadhaa wa maboma tofauti wamekosa mimba kwa fahali yule yule, ilhali wanashika kwa mwingine, lawama haiwezi kuwa ya majike. Na anayemtegemea fahali wa kijiji ni heri amwite daktari wa mifugo ampime korodani, manii na magonjwa kabla ya msimu kupita bure.