Panya, Radi na Uzi wa Kioo

Kiwanda cha sukari huanzia mbali sana na bomba la moshi. Mizani ya malori iko getini, pampu za umwagiliaji ziko mtoni, na katikati kuna mashamba ya miwa, kinu, boila, jenereta zinazoendeshwa kwa makapi ya miwa, na bohari. Siku hizi kila kituo kina kompyuta yake ndogo inayotakiwa kuwasiliana na chumba cha udhibiti. Meneja anapoamua kuviunganisha, swali lake la kwanza huwa: tununue faiba gani? Ni swali la haki, ila limewahi mno. Kabla ya kuuliza aina ya kioo, mtu avae buti atembee njia yote ambayo kebo itapita.

Sababu ya kuacha waya wa shaba na kuchukua faiba, yaani uzi wa kioo unaopitisha mwanga, inajulikana nusu tu. Kebo ya kawaida ya Etheneti imewekewa ukomo wa mita 100, na kutoka chumba cha udhibiti hadi mtoni ni kilomita. Hilo kila mtu analijua. Lisilosemwa sana ni kelele za umeme: mota kubwa za kinu na vidhibiti vya kasi yake hutapakaza mawimbi ambayo waya wa shaba huyadaka kama antena, na ujumbe unaharibika njiani. Halafu kuna radi. Ikipiga karibu, ardhi ya jengo moja hupanda volti kuliko ardhi ya jengo jingine, na waya wa shaba unaoyaunganisha hugeuka daraja la umeme huo. Ukanda wa Ziwa Victoria, penye viwanda kadhaa vya sukari, ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo radi haipati pa kupita.

Kioo chenyewe ni cha aina mbili. Ya kwanza ina kiini cha takriban mikromita 9 na hupitisha mwanga kwa njia moja tu. Ya pili, ya njia nyingi, ina kiini cha mikromita 50, au 62.5 kwa zile za zamani. Zote, pamoja na tabaka la kioo linalozunguka kiini, zina kipenyo cha mikromita 125, kama unywele mnene. Kwa kasi ya gigabiti 10, faiba ya njia nyingi ya daraja la OM3 hufika mita 300, na ile ya OM1 hukomea mita 33. Ya njia moja, kwa vifaa vya kawaida, hufika kilomita 10. Kati ya jengo na jengo mimi sioni sababu ya kulaza ya njia nyingi leo, labda uwe unarefusha mtandao wa zamani.

Hesabu ya mwanga unaopotea njiani haitishi. Chukua njia ya kilomita 3 kwa faiba ya njia moja: kila kilomita inakula desibeli 0.4, jumla 1.2. Viungo vinne vya kuyeyushwa, kila kimoja 0.1, ni 0.4. Konekta mbili za mwisho, tuzipe 0.5 kila moja, ni 1. Jumla 2.6, ilhali vifaa vya gigabiti 10 vya masafa hayo huvumilia takriban 6. Akiba ipo, na utaihitaji siku kebo itakapokatwa na kuungwa upya.

Penye kazi ni kwenye ganda la kebo. Shamba la miwa limejaa panya, na meno ya mbele ya panya hayaachi kukua, kwa hiyo hutafuna hata kisicholika. Jibu la haraka ni kebo yenye bati la chuma lililokunjwa mikunjo. Panya wanashindwa, lakini umerudisha chuma kati ya majengo mawili, yaani umemfungulia radi mlango uleule uliotoka kuufunga. Ukichagua chuma, basi kiunganishwe na ardhi ipasavyo pale kebo inapoingia jengoni. Hatua hii ndiyo huachwa kazi inapofanywa mbiombio. Mbadala ni kebo isiyo na metali yoyote, iliyosukiwa nyuzi za kioo zinazomchoma panya mdomoni, ndani ya bomba gumu. Penye radi nyingi mimi ningechukua hii, na chuma ningekiacha kwa sehemu fupi zinazopitiwa na magari mazito.

Kuna kipimo cha kimataifa cha mazingira, MICE, kinachoangalia mambo manne: misukosuko, vumbi na maji, joto na kemikali, na kelele za umeme, kila moja kwa ngazi tatu. Kosa la kawaida ni kukipa kiwanda kizima ngazi moja. Kebo ileile inapita kando ya boila na kuishia chumbani penye kiyoyozi. Pima kipande kwa kipande. Nje, ganda jeusi la polithini huhimili jua. Ndani ya majengo linahitajika lisilotoa moshi mwingi wala gesi ya sumu likiungua.

Wakati wa kuvuta, kebo ya milimita 12 isikunjwe kwa nusu kipenyo cha chini ya milimita 240, yaani mara 20 ya unene wake. Ikishatulia, mara 10 inatosha. Inavutwa kwa nyuzi zake za nguvu, si kwa ganda.

Halafu vumbi. Ofisini fundi anaweza kuchomoa konekta akairudisha bila madhara. Kiwandani, vumbi la makapi linaelea hewani, na chembe moja isiyoonekana kwa macho inatosha kukifunika kiini cha mikromita 9. Konekta isafishwe na kukaguliwa kwa hadubini yake kila inapochomolewa, na kufuta kwa shati ni kuipaka jasho. Wala fundi asichungulie ndani kuona kama mwanga upo: hauonekani, na unaweza kuumiza jicho.

Mwisho ni njia ya pili. Mitandao mingi ya viwandani hufungwa duara ili kebo ikikatika upande mmoja, ujumbe uzungukie mwingine. Nimeona duara ambalo pande zake zote mbili zililazwa kwenye mtaro mmoja ili kuokoa gharama ya kuchimba. Ekskaveta ilizikata zote kwa ndoo moja. Upande wa pili upite kwingine kabisa, na nakala ya ramani ya njia hizo apewe anayeendesha ekskaveta.