Sindano ya Ganzi na Msalaba wa Mkristo

Wapo waamini wanaomwomba daktari wa meno awang'oe jino pasipo sindano ya ganzi, wakikusudia kuyatoa maumivu hayo kuwa sadaka kwa Bwana, hasa katika kipindi cha Kwaresima. Nia hiyo ni njema, wala haistahili kudharauliwa. Lakini inapogeuzwa kuwa sheria, hata anayeomba ganzi akahesabiwa kuwa mtu wa imani haba, ni lazima kuuliza Mama Kanisa anafundisha nini.

Swali hili si geni. Mwaka 1956 wataalamu wa dawa za usingizi wa Italia walimpelekea Papa Pio XII maswali matatu, na la kwanza lilikuwa hili hili: je, mwamini ana wajibu wa kimaadili wa kukataa dawa ya kuondoa maumivu? Baba Mtakatifu alijibu tarehe 24 Februari 1957 kwamba hakuna wajibu wa jumla wa namna hiyo. Anayeyapokea mateso kwa hiari, kwa upendo wa Kristo, anatenda jambo la thamani kubwa. Hata hivyo hiyo ni njia moja kati ya nyingi za kumfuata Bwana. Aliongeza kuwa maumivu yenyewe yaweza kumzuia mtu asitende mema makubwa zaidi. Ni kweli kwamba Yesu aliikataa divai iliyotiwa manemane pale Golgotha. Lakini ni Yeye pia aliyetusimulia habari za Msamaria mwema, aliyemimina mafuta na divai katika majeraha ya mtu asiyemfahamu.

Je, sindano hiyo hufanya nini hasa? Dawa itumikayo sana ni lidokeini, iliyobuniwa nchini Sweden na Nils Löfgren katika miaka ya 1940. Neva hupeleka habari ya maumivu kwa kuruhusu chembechembe za sodiamu zipenye ndani yake kupitia vilango vidogo mno. Dawa huviziba vilango hivyo kwa muda, na habari haifiki ubongoni. Mgonjwa yu macho, anasikia na kusali akipenda. Huhisi kusukumwa na kuvutwa, lakini si uchungu. Hapo ndipo ganzi inapotofautiana na nusukaputi, inayoondoa fahamu. Katika taya la juu mfupa ni mwepesi, hivyo dawa hudungwa kando ya jino lenyewe. Magego ya chini yamezungukwa na mfupa mzito, na daktari hulazimika kuifuata neva kule nyuma inakoingia tayani. Ndiyo sababu nusu ya mdomo wa chini, na mara nyingi ulimi pia, hufa ganzi. Mara nyingi dawa huchanganywa na adrenalini kidogo ili isichukuliwe upesi na damu. Moyo waweza kudunda kwa kasi kwa muda mfupi, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu amweleze daktari mapema.

Jambo linalosikitisha zaidi ni kuchelewa. Penye usaha, nyama ya fizi hujaa asidi, na dawa hushindwa kupenya vema ndani ya neva. Basi aliyevumilia majuma mengi ndiye anayefika na jino gumu kuliko yote kutiwa ganzi, kisha akirudi nyumbani huwaambia majirani kwamba sindano haisaidii kitu, nao wakaogopa kwenda. Uvimbe ukishuka chini ya ulimi au shingoni, na mgonjwa akashindwa kumeza au kupumua vizuri, aende hospitali saa ile ile. Uvumilivu hapo si fadhila.

Wenye maumivu ya meno humwomba Mtakatifu Apolonia, ambaye sikukuu yake ni tarehe 9 Februari. Huyu alikuwa mwanamke mzee wa Aleksandria, aliyevunjwa meno na watesi mwaka 249. Aliteswa kwa sababu hakukubali kumkana Kristo, si kwa sababu alikataa tiba.

Kwa kawaida, atakayetiwa ganzi tu yafaa ale chakula chepesi kabla. Akihisi uchungu kazi ikiendelea, ainue mkono bila haya, kwani daktari aweza kuongeza dawa ndani ya kipimo kinachoendana na uzito wa mwili. Baadaye asinywe chai ya moto wala kutafuna hadi ganzi iishe. Watoto waangaliwe, maana hujing'ata midomo bila kujua.

Wengine huuliza kuhusu Misa. Kanuni ya 919 ya Sheria za Kanisa inaagiza kufunga saa moja kabla ya Komunyo Takatifu, lakini maji na dawa havivunji mfungo huo. Aliyeng'olewa jino aweza kumeza parasetamo njiani kuelekea kanisani na kukomunika, ingawa ni busara asubiri ulimi upate hisia zake kwanza.