Tuta la Juu kwa Aliye Katika Kiti cha Magurudumu

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini hapa Ilembula, mara nyingi mtu akivunjika uti wa mgongo na kurudi nyumbani katika kiti cha magurudumu, tunamfanya mgeni wa daima. Tunamwambia, "Wewe pumzika tu," kisha tunakwenda shamba. Yeye hubaki barazani mpaka jioni. Hiyo siyo huruma. Mikono yake ni mizima, na kilimo anakijua.

Hawezi kuinama hadi chini. Basi tuuinue udongo umfikie.

Tengeneza tuta mfano wa meza. Kwanza mpime mwenyewe akiwa amekaa kitini, toka chini hadi juu ya magoti. Ongeza vidole vinne. Hapo ndipo pawe upande wa chini wa meza, ili magoti yaingie bila kugusa. Kwa watu wazima wengi ni karibu sentimita 70. Kina cha udongo kisizidi sentimita 20, la sivyo ukingo utamfika kifuani. Upana uwe sentimita 60 akilima kwa upande mmoja, au 120 akizunguka pande mbili. Njia iwe sentimita 120, na mahali pa kugeuzia 150. Ishindilie changarawe, magurudumu yasizame wakati wa masika.

Tuta la mita 1 kwa sentimita 60 hubeba karibu kilo 200 za udongo uliolowa. Kwa hiyo tumia nguzo za miti migumu. Acha matundu chini ili maji yatoke.

Changanya udongo na samadi iliyooza. Panda mboga zenye mizizi mifupi: mchicha, chainizi, figili, vitunguu. Udongo ulioinuliwa hukauka upesi. Kiangazi mwagilia kila siku.

Angalia jambo hili: aliyepooza hasikii maumivu ya kukaa. Kila robo saa ajinyanyue kwa mikono, damu ipite matakoni. Jioni mkague ngozi. Ikibadilika rangi, asipakalie tena mahali hapo, na awahi zahanati au Hospitali ya Ilembula. Kidonda cha kukalia huanza kidogo, na kikiachwa huua.

Ndugu msomaji, kama yupo nyumbani kwako, siku ya tatu imekwisha pita. Mpe jembe.