Vijana wa Shinyanga na Geita, tuchore ramani yetu ya kuogelea!

Kila wikiendi utawasikia vijana wa Shinyanga na Kahama wakilalamika eti wa Dar ndio wanaofaidi bichi. Nasema kweupe, hiyo ni kasumba tu! Ziwa Victoria, lenye kilometa za mraba zipatazo 68,800, ni jirani yetu. Hata bombani tunaoga maji yake, yanayovutwa kutoka Ihelele.

Tatizo letu si maji, ni habari. Mshikaji mmoja atakwambia Nungwe, Geita, ni bomba. Mwingine anasifia Nkome, wa tatu anakuvuta Mwanza, ambako tangu Juni 2025 watu wa Geita wanapita juu ya daraja la Kigongo-Busisi bila kungoja kivuko. Sasa waulize: kina kikoje? Mamba je? Utasikia kimya.

Ndiyo maana nasema tujikusanye tuandike mwongozo wetu kwenye intaneti. Si ndoto za Abunuwasi. Mwaka 2015 Dar ulianza mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi na wakazi walichora mitaa inayokumbwa na mafuriko. Walitumia OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuichangia bure. Sisi tunashindwa nini?

Lakini jamani, tusijaze sifa tupu. Cha kwanza kuandikwa ni kichocho. Vimelea vyake hutoka kwenye konokono, hasa mchana jua likiwaka, saa ileile tunayopenda kujitosa, na hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Taulo peke yake haikuokoi. Penye majani na konokono paandikwe wazi, na aliyekwisha oga hapo akapime hospitali. Dawa ipo.

Pili ni mashimo. Huku kwetu kuna malambo ya ng'ombe na mashimo ya machimbo yaliyojaa maji. Kwa macho yanavutia, kumbe kingo zake ni wima, ukitumbukia huna pa kushika. Na maji ya kuoshea dhahabu yanaweza kuwa na zebaki. Hayo yapigwe alama nyekundu, hakuna mjadala.

Tatu ni wanyama. Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, nenda ukavue sangara kwa burudani, lakini kuogelea sahau. Mamba na viboko ndio wenye nyumba.

Nne ni vyombo. MV Bukoba ilizama Mei 1996, MV Nyerere ikapinduka Septemba 2018 na kuua watu 228. Zote zilikuwa zimejaza kupita kiasi. Kwa hiyo andika: mwenye mtumbwi ana majaketi ya kujiokolea? Anajaza watu? Anarudi kabla ya giza? Dhoruba kali za ziwani hupenda usiku.

Kila anayeandika aweke tarehe, maana maji hupanda na kushuka. Mwenye hoteli akijisifia, wengine wamsahihishe. Na kabla ya yote, muulize mvuvi wa hapo, yeye ndiye profesa.

Haya shime, anza na sehemu moja unayoijua vizuri. Mstari mmoja wa kweli unaweza kumrudisha mtoto wa mtu nyumbani salama. Tukutane wiki ijayo!